Tausi wa Shangazi Keziah

Larkfold, Surrey
14 Septemba 1908

Shangazi mpendwa,

Sauti niliyoondoka nayo nyumbani ni ya kisu chako kikikwangua mkate ulioungua. Nilisimama mlangoni na sanduku langu, nikakwambia kwamba natoka, nawe ukaendelea kukwangua, umenipa mgongo, makombo meusi yakianguka kwenye beseni. Mkate ulishakuwa mweupe. Niliuona. Hukuacha. Niliisikia sauti ile ndani ya treni mpaka mji wa Reading, na hapa Larkfold watu wakinyamaza mezani naisikia tena. Sikuandikii kukulaumu. Nataka tu ujue kwamba nilielewa ulichokuwa ukiniambia.

Sasa habari zangu. Bwana Tarrant, mwalimu wangu wa bustani, ni mrefu kuliko nilivyodhani, na koti lake ni moja tu, la kahawia. Analivaa kwenye shimo la mbolea na analivaa kwenye chakula cha wateja. Watu waliojenga nyumba mpya wanatoka mbali kuja kumwomba bustani itakayoonekana kama ilikuwapo kabla ya babu zao. Huo ndio umaarufu wake. Bustani zake huzaliwa zikiwa nzee.

Tuko wanafunzi wanne na mimi ndiye mwanamke peke yangu. Wenzangu wananiita Bibi Reki. Mmoja aliniuliza kama nimekuja na uzi wangu wa kufumia. Nikamwambia nimekuja nao, na nikipata nafasi nitamshonea mdomo. Tangu hapo ananipisha mlangoni.

Jumamosi Bwana Tarrant alimtaka kila mmoja wetu aeleze bustani ya kwanza anayoikumbuka. Wenzangu walieleza chemchemi na ngazi za mawe za babu zao. Mimi nilieleza Tausi, mti wetu uliopogolewa umbo la ndege. Nilimwambia jinsi Baba alivyoukuta mti wa yuu kando ya lango, mti ule ule unaopandwa makaburini, hauna umbo, na jinsi alivyofunga matawi kwa kamba za ngozi hadi shingo ikapinda. Nilimwambia kwamba mkia aliupatia duara kwa chuma cha gurudumu la gari la ng'ombe lililoshindikana kutengenezwa. Na nilimweleza mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, anakuelekeza kutoka dirishani nawe uko nje juu ya ngazi: "Kushoto, Keziah, unamkata sikio." Na wewe: "Tausi hana masikio, Enoch."

Bwana Tarrant hakucheka. Alisema, "Haya yote niandikie, Bi. Pocknell, na unichoree, na uweke urefu." Hakumwambia mwingine yeyote aandike.

Mwanao,
Averil


Withen Lacey, Herefordshire
23 Septemba 1908

Averil,

Barua imefika. Mkate ulikuwa umeungua. Mkate ukiungua unakwanguliwa. Sikuwa nakuambia kitu.

Unajifunza kutengeneza bustani. Sawa. Babako alitengeneza magurudumu, na bustani aliifanya akipumzika, wala hakusafiri kwa treni kwenda kuulizwa anakumbuka nini.

Nimempogoa Tausi wiki iliyopita. Tobias Gwilt alinishikia ngazi, na kila nikikata anapiga kelele chini. "Keziah, huo mkia umekuwa wa kuku." Nikamwambia, "Ukitaka kutazama kuku, Tobias, rudi kwako ukamtazame mkeo." Mkewe alikuwa amesimama barabarani anasikia. Alicheka kuliko sisi sote, na jioni akaniletea mayai.

Jambo moja. Hayo ya babako dirishani yalikuwa mambo ya ndani, ya jikoni kwangu. Si siri. Lakini si mambo ya kumpa mtu asiyekijua hata kikohozi cha babako. Nyumba hii ni ya mwenye shamba, najua, na kodi nampelekea msimamizi wake, Bwana Maddox, na paa likivuja nafanya kumbembeleza. Kitu changu na cha babako hapa ni Tausi. Mambo yake yaache yakae hapa.

Vaa soksi nene. Surrey kuna unyevu.

Shangazi yako,
Keziah Pocknell


Larkfold
3 Novemba 1908

Shangazi mpendwa,

Soksi ninazo. Na maneno yako nimeyasikia, ingawa sikubali yote. Nilipoeleza habari za Baba sikuona kama ninamtoa nje. Niliona kama nimempa kiti.

Nina kazi yangu ya kwanza ya kweli. Kuna Bwana Holroyd, mwenye viwanda vya biskuti, amejenga nyumba kubwa ya matofali mekundu inaitwa Staveley Court, na anataka bustani. Bwana Tarrant amenipa mimi mchoro mkuu niuchore. Baraza ya mawe, ngazi pana, uwanja wa nyasi, na njia nne zinazokutana katikati. Pale zinapokutana alichora duara tupu kwa penseli. "Hapo paache," akasema.

Nikamuuliza patakaa nini.

"Kitu cha kale."

Nikauliza mtu anapata wapi kitu cha kale cha kuweka kwenye bustani mpya.

"Vimejaa nchi nzima, Bi. Pocknell. Tatizo lake ni kwamba kila kimoja kina mtu anayekaa karibu nacho."

Tulicheka wote. Alhamisi Bwana Holroyd alikuja kuona mchoro, na Bwana Tarrant akamwambia, "Huu mkono ni wa Bi. Pocknell." Shangazi, ni mara ya kwanza mtu kulitaja jina letu mbele ya mtu wa namna hiyo pasipo kuwa na gari la kukarabatiwa.

Sijui kama unaweza kufurahi pamoja nami. Kama huwezi, niandikie tu kuhusu Tobias.

Averil


Withen Lacey
22 Novemba 1908

Averil, mwanangu,

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kuianza barua hii, na sijaipata, basi naanza popote.

Watu wako wamekuja. Wanaume watatu na gari, wametoka kwa Bwana Tarrant. Mkubwa wao, mtu mmoja mpole anaitwa Sturgis, alivua kofia akasema, "Bi. Pocknell wa Larkfold ana wasiwasi na mti wa baba yake. Anasema una njaa. Bwana ametutuma tuulishe, na hutatozwa kitu." Mimi nikamwambia Tausi hana njaa, ana afya kuliko mimi. Akasema mti mzee huficha njaa yake kama watu wazima. Hilo nililikubali.

Wamechimba mtaro nusu duara upande wa barabarani, mbali kidogo na shina, kina cha kufika kiunoni. Mizizi iliyokuwa njiani wakaikata safi kwa msumeno, kisha wakaujaza mtaro majani yaliyooza, meusi, laini, yananukia hata ungeweza kuyalalia. Sturgis alisema upande wa pili watakuja kuufanya mwaka kesho, ili mti usishtuke. Niliwapa chai na keki ya mbegu. Walikula yote. Tobias alikuja kuwauliza kama wanazika mtu, wakamwambia bado hawajachagua nani.

Sasa nisikilize. Ulipoondoka nilisema moyoni kwamba umemaliza na sisi. Niliona umeona aibu na nyumba hii, na kwamba utarudi siku ya mazishi yangu umevaa glavu. Kumbe ulikaa huko kwa watu wa chemchemi ukifikiri kama mizizi ya Tausi imekula. Mkate ule haukuwa umeungua sana. Nakwambia hilo mara moja tu, usinikumbushe.

Shangazi yako akupendaye,
Keziah


Larkfold
26 Novemba 1908

Bwana Tarrant,

Uko Staveley, nami siwezi kungoja urudi. Shangazi yangu ameniandikia kuhusu watu wako na mti wa baba yangu.

Sikukuomba. Sikuwahi kusema kwamba mti una njaa, na kama ningeuona una njaa ningeona haya kukuomba. Nilijiuliza kwa nini umesema nimeomba mimi, kisha nikasoma tena barua ya shangazi yangu na nikaelewa kwamba ulitaka shukrani zije kwangu. Amenilea tangu mama yangu alipofariki. Aliponiaga, kama aliniaga, hakugeuza uso. Leo ameniita mwanangu. Wewe humjui, kwa hiyo huwezi kujua ulichonipa.

Sitajifanya ni mimi niliyewatuma. Nitamwambia ni wema wako.

Averil Pocknell


Staveley Court
29 Novemba 1908

Bi. Pocknell mpendwa,

Mtu hashukuriwi kwa kuupenda mti mzuri. Mwache shangazi yako aendelee kuamini kwamba ni wewe. Wazee hupokea kwa raha zaidi kutoka kwa watu wao, na ukimweleza mengine utamharibia. Pia nitafurahi kama wenzako hawatajua, nisije nikaombwa kulisha miti ya kila shangazi wa nchi hii.

Urefu wa ngazi za magharibi unahitaji kupungua. Nakutumia vipimo.

E. Tarrant


Withen Lacey
11 Juni 1909

Averil, mwanangu,

Uliponiandikia wakati wa Pasaka kwamba huwezi kuja kwa sababu ya kazi ya Staveley, nilinuna, kisha nikaacha. Mchoro wako, nakala uliyotutumia, nimeuweka juu ya meko. Tobias ameutazama sana akasema, "Mbona katikati hapana kitu?" Nikamwambia ndiyo ustadi, wewe huwezi kujua. Kama kuna sababu nyingine niandikie, maana nimeshamjibu.

Tausi ametoa machipukizi mengi kuliko mwaka jana, upande ule uliolishwa hasa. Mke wa kasisi alisimama langoni akasema, "Keziah, una bahati na mpwa wako." Nilimwambia si bahati, nimemlea.

Njoo mwezi wa tisa tumpogoe pamoja. Magoti yangu hayapendi tena ngazi, na Tobias hayapendi magoti yangu.

Keziah


Withen Lacey
30 Septemba 1909

Averil, mwanangu,

Hukuja, lakini watu wako wamekuja, kwa hiyo sikukaa bila wageni. Sturgis na wenzake wamemaliza upande wa pili wa mtaro, wa nyumbani. Nilimpogoa Tausi mwenyewe wiki moja kabla, ili wasimkute na nywele ndefu. Sturgis alimzunguka, akanishika mkono, akasema hajapata kuona mkia kama ule. Sijui kwa nini aliona haya kula keki safari hii.

Walipokuwa wanaondoka, kijana wao mmoja alichukua rangi nyeupe akapiga alama kwenye shina, chini, upande wa nyumba ya Tobias, yaani kaskazini. Nilimuuliza ya nini. Akasema ni desturi. Haionekani sana, matawi yanaifunika.

Na Bwana Maddox amepita, mara ya kwanza mwaka huu bila mimi kumfuata. Alipima lango kwa kamba, akauliza kama nitaona vibaya ukuta wa langoni ukibomolewa kidogo na kujengwa upya. Nikamwambia nimeomba ukuta ule ujengwe tangu mama yako yu hai, bomoa hata leo. Akanitazama kama mtu mwenye kibanzi jichoni. Paa hakuligusia.

Basi mambo yangu ni mazuri. Wewe je? Barua zako zimekuwa fupi.

Keziah


Larkfold
3 Oktoba 1909

Bwana Tarrant,

Nakuuliza swali ambalo wewe mwenyewe ulinifundisha jibu lake.

Majira ya kuchipua mwaka huu ulitupeleka bondeni kuona miti ya msonobari ikihamishwa. Ulituambia: mti mkubwa hauhami kwa siku moja. Kata mizizi nusu duara mwaka wa kwanza, jaza mtaro majani yaliyooza ili mti uote mizizi mifupi karibu na shina. Mwaka wa pili kata nusu iliyobaki. Kisha piga alama upande wa kaskazini, ili huko unakopelekwa usimamishwe vile vile ulivyozoea jua, la sivyo gome lake litaungua. Nilikuwa nimesimama karibu nawe. Niliiandika alama ile ya kaskazini na kuikariri.

Kwa nini sikuunganisha wakati ule nusu duara ya bondeni na nusu duara ya nyumbani? Nimejiuliza tangu jana. Nadhani mtaro wa nyumbani ulikuwa umeniletea neno "mwanangu", na mtu hachimbui kitu kama hicho kuona kimesimama juu ya nini. Lakini mti unaobaki mahali pake hauhitaji kukumbushwa kaskazini ni wapi. Msimamizi Maddox amepima lango la shangazi yangu.

Duara la Staveley ni la nini?

A. Pocknell


Staveley Court
6 Oktoba 1909

Bi. Pocknell mpendwa,

Ningependa kukueleza haya ana kwa ana, lakini umeniuliza kwa barua, na unastahili jibu.

Ndiyo, ni Tausi. Ardhi ni ya mwenye shamba na kilichoota juu yake ni chake; amekiuza kwa hiari na kwa haki. Shangazi yako hakuwa mtu wa kuombwa, hata kama ningependa kumwomba. Nilitumia jina lako kwa sababu bila hilo angesimama langoni na reki, kazi ingefanywa kwa haraka na ukatili, na mti ungekufa. Nilichagua mti uishi. Siku moja utakuwa na wateja wako na utachagua vivyo hivyo.

Nifikirie pia upande huu. Tausi yuko kwenye njia ya matope, anaonwa na kasisi na wachunga kondoo. Hapa ataonwa na watu wanaojua wanachokiona. Nilimsomea Bwana Holroyd maandishi yako wakati wa chakula, yote, pamoja na mgonjwa dirishani na dada yake juu ya ngazi. Wanawake wawili walilia. Hapo ndipo alipoamua. Hukuandika maelezo ya mti, Bi. Pocknell, ulifanya mti uhitajike. Ni kipaji, na sitaki kukipoteza.

Shangazi yako atapewa mche mzuri wa yuu mahali pake. Na mchoro wa Staveley utatoka na majina mawili chini, langu na lako. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kupewa hilo. Mti utang'olewa wiki ya tatu ya mwezi huu, kabla ardhi haijaganda. Ningependa uwepo Staveley mti ukipokelewa.

E. Tarrant


Larkfold
7 Oktoba 1909

Shangazi,

Nimeianza barua hii mara nyingi nikitaka kukulainishia, na kila nikilainisha naona naiga mwandiko wa mtu mwingine. Basi soma.

Mtaro haukuwa chakula. Ni namna ya kuandaa mti mkubwa ili uhamishwe. Mwenye shamba amemuuza Tausi kwa Bwana Tarrant, na Bwana Tarrant anampeleka kwa Holroyd wa biskuti. Alama nyeupe ni ya kuwaonyesha kaskazini huko anakokwenda. Lango limepimwa ili apite.

Mimi sikuwatuma. Sikuwatuma tangu mwanzo. Mwaka jana nilipopata barua yako nilijua kwamba sikuomba kitu, na nilitaka kukwambia ni wema wa Bwana Tarrant. Yeye akanishauri ninyamaze, nami nikanyamaza, kwa sababu barua yako ilikuwa tamu. Mahali atakaposimama Tausi nimepachora mwenyewe, ndipo hapo Tobias alipoona hapana kitu. Na walimtaka kwa ajili ya yale niliyoyaandika kuhusu Baba, uliyoniambia niyaache yakae jikoni.

Watakuja wiki ya tatu. Niambie unataka nifanye nini nami nitafanya.

Averil


Withen Lacey
12 Oktoba 1909

Kwa Bi. Pocknell, Larkfold.

Bwana Maddox ameleta karatasi, kwa hiyo uliyoyaandika nilishayapata kwa wenyewe. Watakuja Jumatano ya wiki ijayo.

Nilimuuliza kama hatua hii ni ya haki. Akasema, "Mama, ni mti wa bwana." Nikamwambia basi bwana angekuja kumpogoa. Akasema nisimfanyie ugumu, yeye pia ana watoto. Kisha akanisifia mpwa wangu, kwamba huko Staveley wameyasoma maandishi yake mezani na watu wakalia. Alidhani nitafurahi.

Unaniuliza unifanyie nini. Mwaka mzima nimemwambia kila anayepita langoni kwamba mpwa wangu ameulisha mti wa baba yake. Niliwakatia keki. Nilimpogoa akapendeza ili wamchukue. Huwezi kunifanyia kitu.

K. Pocknell


Withen Lacey
21 Oktoba 1909

Bwana Tarrant,

Sturgis atakuwa amekueleza, lakini yeye alifika mwishoni, na nadhani ungependa kujua ilivyokuwa.

Niliondoka Larkfold siku niliyopata jibu la shangazi yangu. Nilifika Withen Lacey Jumapili watu wakitoka kanisani, na hakuna aliyenisalimu ila mke wa Tobias, aliyesema, "Umechelewa au umewahi?" Shangazi yangu hakufungua mlango. Nikakaa kwa akina Tobias. Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Maddox nikamwomba anisomee mkataba wa upangaji wa nyumba ile. Mpangaji, unasema, atapogoa na kuweka nadhifu nyua na miti yote ya bustani, kwa namna atakayoona inafaa. Maddox aliurudia mstari huo mara mbili, akafunga kabati, akasema Jumanne ana safari ya Hereford na hatakuwepo kuona lolote. Ni mtu mwoga. Lakini alinisomea.

Jumanne asubuhi nilileta ngazi ya Tobias na msumeno. Shangazi yangu alikuwa dirishani, kwenye chumba kile kile cha Baba. Nilipanda. Nilimkata Tausi kishungi, kisha kichwa, kisha shingo yote mpaka mabegani. Shingo ilikuwa nene kuliko mkono wangu na mbao yake nyekundu, na kamba moja ya ngozi ya Baba ilikuwa bado ndani, mti umeimeza. Sikuwa nimejua. Nilikaa juu ya ngazi muda fulani nisiweze kuendelea.

Kisha ngazi ikatulia. Nilitazama chini nikamwona shangazi yangu ameishika kwa mikono miwili, hana shali, hanitazami. Akasema, "Mkia." Nikamwambia, "Shangazi, mkia ndio alioupenda Baba kuliko vyote." Akasema, "Ndio watakaoutaka. Kata."

Nikaukata. Tobias alianza kusema jambo, mkewe akamvuta koti.

Jumatano watu wako walikuja na farasi sita na magogo ya kuviringishia. Walikuta shina nene kando ya lango, na visiki vya matawi, na lundo barabarani. Sturgis alivua kofia kama vile alivyofanya mara ya kwanza. "Bwana alinunua tausi," akasema. Shangazi yangu akamwambia, "Basi beba. Yuko hapo chini, chagua kipande." Sturgis akasema hana amri ya kubeba kisiki akakipande mbele ya ngazi za Bwana Holroyd. Wakageuza farasi. Hakukuwa na keki.

Utasema nimeua kitu kizuri ili nisikupe, na nimejisemea hivyo pia. Ulichokitaka wewe kimekufa, na alikifanya baba yangu, na nimekiua mimi. Hilo sitamwachia mtu mwingine anibebee. Mti haujafa. Ulitufundisha kwamba mti uliokatwa mizizi upunguzwe matawi kwa kiasi hicho hicho ili ustahimili, na kwamba yuu huchipua hata kwenye mbao kuukuu. Kazi yako ya chini na kazi yangu ya juu sasa zinalingana. Utachipua mwaka kesho hapo hapo ulipo. Utakuwa na umbo gani sijui, na shangazi yangu hajasema kama ataniruhusu niuguse.

Hajasema nami kitu kingine tangu neno lile la mkia. Chakula anakiweka mezani, sahani mbili, na tunakula.

Mchoro wa Staveley nimeuacha kwenye meza yako. Utaona kwamba jina langu halipo. Nililikwangua kwa wembe kabla sijaondoka, na pale pa katikati sijapagusa, pako tupu kama ulivyoniambia niache. Ada yangu ya mwaka usiirudishe. Nimechukua kazi ya kutunza nyua za makaburi ya kanisa letu, na nimeanza leo.

Averil Pocknell